Ukiwa safarini nje, vibaka wanaitaka simu yako kwanza

Ndugu zangu mlioko nje, naona wengi tunasafiri tukiamini kwamba nchi zenye kamera kila kona hazina vibaka. Wapo, tena wengi, na siku hizi hawahangaiki sana na pochi, wanataka simu.

London wanakuja na baiskeli za umeme, wanapanda nazo mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mimi ilinikuta hivyo, nimetoka stesheni nikasimama ukingoni mwa barabara naangalia ramani, sikusikia hata mlio, nikashtukia mkono mtupu na mgongo wa mtu mwenye kofia unaishia kwenye kona. Simu ilikuwa wazi, haijafungwa, na humo ndani kuna email, benki na picha ya paspoti. Bei ya simu niliisahau haraka, kilichoninyima usingizi ni hivyo vilivyokuwa ndani.

Kwahiyo kama unataka kuangalia ramani ingia dukani, au simama mgongo ukiwa ukutani na barabara unaiona. Kwenye treni usikae mlangoni unachati, wanasubiri mlango unataka kufunga ndo wanakwapua na kuruka nje, wewe unabaki unaondoka na treni.

Ila kazi kubwa inafanyika kabla ya safari, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, iandike kwenye karatasi maana polisi wataiulizia. Halafu weka PIN kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu tu, kwa sababu mwizi anaichomoa laini anaiweka kwenye simu nyingine na namba zote za uthibitisho ambazo benki inatuma kwa meseji zinaingia kwake. Wenye iPhone, tangu iOS 17.3 (toleo la programu ya iPhone) ya mwaka 2024 kuna kinga ya simu iliyoibiwa, hakikisha imewashwa kwenye settings: ukiwa mbali na sehemu zako za kawaida, mtu hawezi kubadili paswedi ya Apple bila uso au kidole chako na kusubiri saa nzima. Hii ni muhimu kwa sababu wengine wanakuchungulia kwanza ukibonyeza namba ya siri, ndo wanapora.

Kadi usiziweke zote sehemu moja, moja iache ulikofikia.

Wachomoaji wa mifukoni wao wanatumia maneno. Barcelona mtu anakuonyesha doa kwenye koti lako, ana tishu tayari, anakufuta kwa upole kabisa, mwenzake ameshafungua zipu ya begi. Paris wanakuja na karatasi ya kusaini, au wanakufunga uzi mkononi. Tumelelewa kumsikiliza anayetusemesha, najua inauma kumpita mtu bila kujibu, lakini sema hapana na usisimame.

Akikutolea kisu, mpe. Usibishane wala usimkimbize, tafadhali sana.

Ukishaporwa ingia mahali penye watu, piga 112 kama uko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, inafanya kazi hata Uingereza pamoja na 999. Azima simu, ifunge yako kwa mbali, pigia benki na kampuni ya laini, kisha chukua ripoti ya polisi kwa sababu bima bila hiyo hawakusikilizi. Siku chache baadae unaweza kupata meseji kwamba simu imepatikana, bonyeza hapa uingize paswedi. Ni wezi haohao, usibonyeze, na usiitoe simu kwenye akaunti yako ya Apple au Google hata wakikutisha.

Kama paspoti imeenda, nenda ubalozi wa nchi yako na hiyo ripoti uombe hati ya dharura. Na kama kibali chako cha ukaazi kilikuwa humohumo, wasiliana na idara ya uhamiaji ya nchi unayoishi kabla hujaenda eapoti, kwa sababu bila uthibitisho wa kibali ndege wanaweza kukukatalia kupanda hata kama hati ya kusafiria unayo.