Kutambua bakteria wa uozo laini kwa asidi zao za mafuta

Juzi mwanafunzi mmoja alinijia na bakteria aliowatoa kwenye viazi vilivyooza. Kila akirudia kipimo cha bakteria walewale, mashine inayosoma asidi zao za mafuta inampa jina jingine. Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye sahani za kuoteshea, na hapohapo mimi niliwahi kupoteza siku mbili.

1. Safisha koloni mpaka ziwe za aina moja, kisha tia tone kwenye kipande cha kiazi kibichi. Kisipolainika, huenda umeshika mpita njia tu.

2. Otesha kwenye agari ya TSBA (chakula cha bakteria kilichogandishwa), nyuzi 28, saa 24. Usiseme "usiku kucha", sema saa 24. Bakteria hubadili mafuta ya utando wao kwa joto na umri: wakizeeka, 16:1 ω7c (asidi ya kaboni 16 yenye kifungo maradufu kimoja) hugeuka 17:0 saiklo (kaboni 17, yenye pete), joto likishuka, asidi zenye kifungo maradufu huongezeka. Sahani iliyosahaulika wikendi nzima itakuonyesha bakteria yuleyule kama mgeni. Mwanafunzi wangu alikuwa akichanganya sahani za jana na za juzi, nyingine zimetoka kwenye friji! Gawa sahani robo nne, chora bakteria kutoka robo moja hadi nyingine, uvune robo ya tatu, kwa sababu pale seli bado zinakua. Chukua miligramu 40 hivi. Zikipungua, vilele vidogo vya asidi za haidroksi (zenye kundi la OH) kwenye chati ya mashine hupotea, na hivyo ndivyo vinavyotaja jenasi. Usikwangue agari. Bakteria wako akiwa mvivu wa kuota, mpe saa 48, lakini andika, na usimlinganishe na wa saa 24.

3. Tia mililita 1 ya sodiamu haidroksaidi katika methanoli na maji, chemsha nyuzi 100 kwa dakika 30, ili seli zipasuke na asidi za mafuta ziachiliwe. Vifuniko viwe na tefloni. Vya mpira mtupu sivitaki karibu na tyubu zangu.

4. Tia mililita 2 za asidi ya haidrokloriki na methanoli, nyuzi 80, dakika 10, ili asidi ziwe esta zinazoweza kuwa mvuke, kisha poza upesi. Ukizidisha, saiklo na haidroksi huvunjika.

5. Vuta esta hizo kwa mililita 1.25 za heksani na MTBE (viyeyushi viwili) nusu kwa nusu, tupa tabaka la chini, osha kwa alkali hafifu.

6. Pitisha kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima kila asidi, ukitanguliza mchanganyiko wa kusawazishia.

Kusoma: 3-OH 14:0 pamoja na 16:0, 16:1 na 18:1 kwa wingi huelekeza kwa Pectobacterium na Dickeya, jenasi mbili za bakteria wa uozo laini. 3-OH 10:0 na 2-OH 12:0 ni Pseudomonas. 15:0 iso ikitawala, pamoja na 11:0 iso, fikiria Xanthomonas. Alama ya ufanano (jinsi matokeo yanavyolingana na maktaba ya mashine) ikiwa chini ya 0.5, mimi siandiki jina. Na Pectobacterium na Dickeya usizitenganishe kwa mafuta peke yake. Hapo nenda PCR, kipimo cha DNA.