Kuokoa nyimbo za kwenye kaseti: kazi inaanzia kwenye deki, si kwenye kompyuta

Mwongozo huu ni kwa aliyeachiwa sanduku la kaseti, awe Jinja, Arua, Bombo au Kampala: kadongo kamu (nyimbo za Kiganda za gitaa) za dukani, taarabu iliyorekodiwa harusini, mzee fulani akipiga endingidi (fidla ya uzi mmoja), na hotuba za msiba zilizoangukia katikati ya nyimbo. Wengi huanza kwa kuniuliza programu gani inasafisha sauti. Mimi huwauliza deki yao, yaani mashine ya kupigia kaseti, ni ipi. Kile ambacho kichwa cha deki, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, hakikusoma, hakuna programu itakayokirudisha.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kupiga

Juu ya mgongo wa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje, maana bila hivyo deki haitakubali kurekodi juu ya wimbo hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Halafu tazama utepe kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu, na karibu na ziwa haikosekani. Usiipige kaseti hiyo. Itenge na zenzake, iache ikauke mahali pakavu penye hewa, kisha ifute taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi ukiwa umevaa barakoa.

Angalia pia kijisponji kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Gundi yake huachia, na sauti hufifia au kupotea. Dawa yake ni kuhamisha utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu, la kaseti yoyote tupu. Kama ganda la zamani limegundishwa, lipasue polepole kwa kisu chembamba.

Hatua ya 2: Tafuta deki nzuri

Vile vichezeshi vidogo vya kaseti vya kuchomeka kwenye USB moja kwa moja viache dukani. Mwendo wake hauna utulivu, na wimbo huyumba. Deki ya mezani ya zamani, hata ya soko la Owino la Kampala, ikifanyiwa huduma na fundi na kuwekewa mikanda mipya ya mpira, inavishinda vyote. Safisha kichwa kwa pamba na alkoholi ya isopropili, ileile mafundi simu wanayosafishia bodi. Spiriti ya famasi mara nyingi huwa na mafuta, usiitumie. Gurudumu la mpira linalovuta utepe lioshe kwa maji yenye sabuni kidogo tu, kwani alkoholi hulikausha likapasuka.

Peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja kabla ya kuipiga, ili utepe ulegee sawasawa. Kwa C120, kaseti ya dakika 120, kuwa mpole sana: utepe wake una unene wa mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa C60 ya dakika 60.

Hatua ya 3: Linganisha kichwa na kaseti

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo nyimbo zinapopotea. Kaseti ya harusini ilirekodiwa na redio kaseti ambayo kichwa chake kiliinama kidogo upande wake. Deki yako nayo ina mwinamo wake. Visipolingana, sauti za juu zinakufa: kayamba haisikiki, herufi "s" za mwimbaji zinakuwa kama zimefunikwa blanketi, na mwenye kaseti anadhani utepe umechakaa.

Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka sauti katika mono (chaneli ya kushoto na ya kulia zichanganywe kuwa moja), piga sehemu yenye kayamba au maneno mengi, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo kwa bisibisi isiyo na sumaku. Sauti itang'aa, halafu ianze kufifia tena. Rudi pale ilipong'aa zaidi. Mono ni ya lazima kwa sababu mwinamo ukikosea, chaneli mbili hupishana na kufutana, na sikio linalitambua hilo mara moja. Fanya hivi kwa kila kaseti, na ukigeuza upande wa pili sikiliza upya.

Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mlio wa utepe, izime, isipokuwa kaseti yenyewe imeandikwa kwamba inayo.

Hatua ya 4: Rekodi

Toa waya kwenye tundu la "line out" (la kutolea sauti) la deki uuingize kwenye kadi ya sauti ya nje ya USB. Tundu la maikrofoni la laptopu halifai, na mara nyingi ni la mono. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi, chagua kilohezi 96 na biti 24. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinapendekeza hivyo, na kiwango chake cha chini ni kilohezi 48 kwa biti 24. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -6. Tumia laptopu yenye betri nzima, umeme ukikatika usipoteze ulichokwisha kurekodi. Kaa usikilize mpaka mwisho; hii si kazi ya kuacha ikijiendea huku ukienda sokoni.

Hatua ya 5: Faili mama usiiguse

Faili mama ni ile ya kwanza uliyorekodi; ihifadhi katika WAV, muundo usiobana sauti. Saa moja ya stereo kwa kipimo hicho ni kama gigabaiti 2. Usipunguze mlio wa utepe, usikate hotuba, usiongeze besi. Ukitaka kupamba, pamba nakala. MP3 ya kutuma WhatsApp itoke kwenye nakala hiyo. Weka faili mama mara tatu: diski mbili za nje na moja ya mahali pengine kabisa, hata kwa ndugu wa mji mwingine.

Hatua ya 6: Andika habari zake sasa, wazee wakiwapo

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi muziki. Rekodi zake zimehifadhiwa British Library, na nakala zimerudi Makerere. Mtafiti wa leo anaweza kuzitumia kwa sababu zina maelezo. Yako iite "ngoma za kienyeji" na hakuna atakayejua kuwa ndani kuna bigwala, makondere ya vibuyu ya Basoga ambayo UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Andika nani anaimba, kwa lugha gani, ala zipi, wapi, mwaka gani hata kwa kukisia (andika kuwa umekisia). Mpigie bibi simu umchezeshee. Atakutajia wapigaji, na pengine nani alimkimbia nani harusini. Andika hilo pia. Piga picha karatasi ya ndani ya kaseti.

Hatua ya 7: Kabla ya kupandisha mtandaoni

Kuhifadhi kaseti yako si sawa na kuisambaza. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Omba ruhusa kwa mwanamuziki au familia yake.

Kaseti zenyewe usitupe. Zirudishe mwanzoni mwa utepe, zisimamishe wima ndani ya boksi, mbali na spika na mbali na dari ya mabati.