Kakuma: jinsi ya kupanga mji wa wenyeji na wakimbizi

Kakuma ilianza kama kambi mwaka 1992. Leo ni manispaa ya Kaunti ya Turkana, nchini Kenya. Jirani yake ni makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa 2016 ili Waturkana na wakimbizi watumie shule na zahanati zilezile. Afisa anayepewa mtaa huko asianze na tamasha la utamaduni. Aanze na maji, maana foleni ya mfereji ndipo wageni na wenyeji wanapokutana kila siku.

Piga hesabu kabla ya kusuluhisha ugomvi. Viwango vya Sphere, vya kimataifa kuhusu misaada ya kibinadamu, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na watu wasiozidi 250 kwa mfereji mmoja. Hao 250 wanahitaji lita 3,750. Mfereji ukitoa lita 7.5 kwa dakika, utachukua zaidi ya muda wa saa nane kuwatosheleza wote. Ukifunguliwa kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, watu 160 hivi watakosa fungu lao, na lawama itaangukia kabila la waliotangulia kuchota. Hapo mahubiri ya amani hayasaidii kitu. Ongeza saa au mifereji. Kamati ya mfereji iwe na Waturkana na kila jamii inayochota hapo, nusu yao au zaidi wawe wanawake, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja.

Kwenye baraza, tafuta wakalimani wa Kiturkana, Kisomali, Kiarabu cha Juba na lugha nyingine za mtaa huo. Usimtumie mtoto, wala ndugu wa mmoja wa wanaogombana. Sema sentensi mbili, nyamaza, atafsiri. Mwisho mwombe mtu wa kila lugha aeleze alichosikia. Hapo ndipo makosa hujitokeza. Wakongo wengi watakuelewa kwa Kiswahili, lakini si maneno yote ya ofisini.

Shuleni, mpime mtoto hesabu kando na lugha. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Burundi anaweza kuwa hodari wa hesabu na asijue Kiingereza. Ukimtupa darasa la pili akiwa na miaka 13, ataona haya na ataacha shule. Mpe darasa linalokaribia umri wake, na masomo ya ziada ya lugha jioni.

Kuni zinahitaji uangalifu wa pekee. Wakimbizi wakienda kukata wenyewe, wenyeji huona miti yao inaporwa, na wanawake huhatarika njiani. Waturkana huwauzia kuni na makaa, na biashara hiyo inalisha nyumba nyingi. Kwa hiyo mradi wa majiko ya gesi usigawiwe kambini kimyakimya. Kaa kwanza na akina mama wanaouza makaa, kubalianeni watauza nini badala yake, kisha wawe wa kwanza kupewa uwakala wa mitungi.