Baiskeli ya mbio kwa barabara za Tabora: hela ianzie chini, gia baadaye

Mwangaluka wadau. Juzi dogo mmoja kanifuata pale Ng'ambo na baiskeli yake ya mtumba, ile nyembamba ya mbio, kameremesha kweli, ananiambia "shikamoo kaka, nimedunduliza hela nataka niweke gia 11 nyuma, si ntakuwa moto?" Nikamwambia marahaba, hebu igeuze juu chini tuone. Tairi la nyuma nyuzi zimeshachomoza, siti iko chini mpaka akikanyaga magoti yanakaribia kidevu, cheni imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na yeye anawaza gia. Sasa haya niliyomwambia siku ile ndo naandika hapa, maana tangu yale mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa Afrika, vijana wengi wameamka na kila mtu anataka baiskeli iwe kama alizoziona kwenye simu. Zile zinatengenezwa kwa kuvizia kilo 6.8, ambayo ndo chini kabisa inayoruhusiwa kwenye mbio rasmi, na zinapita lami kama kioo. Sisi huku tuna baiskeli za Phoenix zinazokaribia kilo 20, tuna mchanga, tuna mbigili. Kwaiyo hela yako ianzie kwenye kinachogusa ardhi, ipande kwenye kinachogusa mwili wako, gia zije mwisho.

Tairi basi. Kosa kubwa ni kununua kwa kutaja "28" au "26" peke yake. Namba 28 inawadanganya watu sana kwasababu ringi ya Phoenix ya kizamani ni 28 na hizi za mbio wengine nao wanaziita 28, ila sio ringi moja. Angalia ubavuni mwa tairi utaona namba mbili ndogo zina kistari katikati, mfano 37-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, na hii ya pili ndo haina mjadala. Phoenix ya 28 ni 635. Baiskeli ya mbio inayoandikwa 700C ni 622, na hata zile mauntini kubwa za 29 ni 622 hiyohiyo, tofauti ni unene tu. Mauntini za kawaida za 26 ni 559, za 27.5 ni 584.

Mi hii nimeilipia. Nilimwagiza mtu anayeenda Mwanza aniletee tairi la 28, nikaandika 28 tu kwenye meseji, akaniletea la 635. Ringi yangu 622. Likaingia kwa mikono mitupu bila hata kijiko cha kutolea tairi, nikafurahi kweli nikasema leo nimepata tairi laini, kumbe hapo ndo nilitakiwa nishtuke, tairi linalokaa sawa lazima likusumbue kidogo pale mwishoni. Nikapiga pampu, nikapiga tena, tyubu ikaanza kutokeza pembeni kama ulimi, kabla sijafungua valvu ikalia paa, kuku wa jirani wote wakaruka ukuta. Milimita 13 tu.

Upana sasa unategemea unapita wapi. Kama mazoezi yako ni lami, tuseme unatoka mjini unaelekea Nzega au Sikonge unarudi, chukua milimita 28 mpaka 32 na usisikilize wanaosema tairi jembamba kabisa ndo linakimbia, hayo ni ya zamani, hata wakubwa wameshahamia 28 na zaidi. Kama unapita njia za vumbi, ukielekea Kwihara au huko ndani Uyui kwenye mchanga, nenda 38 mpaka 42 ilimradi fremu na breki zinaruhusu. Pima kwa macho, tairi likizunguka libakize nafasi ya kama milimita 4 kila upande, maana kifuku matope yanaganda pale kwenye foku na gurudumu linagoma kabisa.

Presha ndo penye utamu wote na ni bure. Wengi wetu tunajaza mpaka tairi linalia kama ngoma tukidhani ndo mwendo. Kwenye lami yenye vikokoto tairi gumu linakurusha juu juu na kila ukiruka unapoteza mwendo, kwenye mchanga ndo kabisa linachimba linazama. Kwa mtu wa kilo 65 hivi, tairi la 28 anza na PSI (kipimo cha presha kwenye saa ya pampu) 70 mbele na 75 nyuma. La 32 anza 55 na 60. La 40 kwenye vumbi anza 35 na 40, ukikuta mchanga mzito punguza kidogo, ukisikia ringi inagonga mawe ongeza. Nyuma siku zote iwe zaidi kwasababu uzito mwingi uko nyuma. Ukiwa mzito kuliko hapo ongeza, ukiwa mwepesi toa. Kidole gumba hakipimi presha jamani, tafuteni pampu ya kusimama yenye saa, changeni hata watu wanne mnunue moja.

Valvu nazo mziangalie kabla ya kununua tyubu. Kuna ile ya kawaida ya Phoenix yenye kiraba ndani, kuna nene kama ya gari, na kuna nyembamba ndefu yenye kinati juu unachokilegeza kwanza ndo upampu. Nyembamba inaingia kwenye tundu la nene ila itachezacheza na inaweza kukatika shingo. Nene haiingii kwenye tundu la nyembamba, na fundi akikwambia ntatoboa ringi kidogo tu, kwa ringi ya mbio mwambie asante baba, niachie.

Kuhusu mbigili, ukipata pancha usikimbilie kuziba ukarudisha. Pitisha kitambaa ndani ya tairi duara zima, kitambaa kitanasa kwenye ncha ya mwiba uliobaki, ukitumia kidole utachomwa wewe. Wale mafundi wanaoweka tairi kuukuu lililokatwa kingo ndani ya jipya, kwa mazoezi na kwa kubebea magunia ni sawa kabisa, linazuia miiba kweli, ila siku ya mbio litoe, unabeba uzito mahali pabaya kuliko pote.

Tukipanda juu tunakuta siti. Vaa kaptura ya kuendeshea, vua viatu, simama mgongo ukutani, weka daftari gumu katikati ya mapaja ulipandishe mpaka juu kama vile umelikalia, mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka mgongo wa daftari. Hiyo namba zidisha kwa 0.883. Tuseme umepata sentimita 82, jibu ni 72 na nusu kasoro kidogo, basi huo ndo umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki (ile mikono inayoshika pedeli) mpaka juu ya siti, ukipima kwa kufuata bomba la siti. Ni pa kuanzia tu, sio amri. Alafu uhakikishe hivi: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakunjika kidogo na hapo ndo panapotakiwa. Ukiendesha siku kadhaa goti likauma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini. Likivuta kwa nyuma, iko juu. Badilisha milimita 3 au 5 kwa mara moja, sio unapandisha vidole vinne alafu kesho unachechemea.

Siti iwe imelala sawa, weka pima maji ya fundi mwashi juu yake. Mbele na nyuma, pedeli zikiwa usawa mmoja, saa tatu na saa tisa, goti la mbele liwe juu ya ekseli ya pedeli, funga jiwe kwenye uzi uliteremshe kutoka gotini utaona. Usukani wengi wanaushusha chini ili waonekane wa mbio, baada ya kilomita 30 wanaendesha wameshika juu juu kama wanaenda gulioni. Usukani unaoweza kuushika chini kwa saa nzima ndo wako.

Cheni. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, pini ya 24 kutoka hapo inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha cheni mapema na meno ya gia yatapona. Ikifika moja ya 8, ushachelewa, meno ya nyuma nayo yameliwa yakafuata umbo la cheni mbovu. Hapo ndo niliumbuka mimi, nilifunga cheni mpya usiku wa kuamkia mbio kwenye friwili (yale meno ya nyuma) iliyochoka, mazoezini sikuijaribu, siku yenyewe tumebaki kama sita tunakaribia mwisho nikasimama kwenye pedeli nivute, cheni ikaruka meno, kifua kikagonga usukani na wenzangu wakaenda. Cheni mpya na meno ya zamani haviongei lugha moja. Tena angalia upana, ya baiskeli isiyo na gia ni nene, zenye gia ni nyembamba, na kadri gia za nyuma zinavyoongezeka cheni inazidi kuwa nyembamba, kwaiyo taja gia ngapi unaponunua.

Urefu wake: pitisha cheni meno makubwa mbele na makubwa nyuma bila kuipitisha kwenye ule mkono wa gia wa nyuma unaohamisha cheni, alafu ongeza pini mbili, kata hapo.

Mafuta sasa. Oili chafu ya gari inabeba mchanga wa Tabora wote ukaufanya msasa. Kuna mtu aliniuliza sisi watu wa asali si tuchemshe nta ya nyuki? Nimejaribu, nta ya nyuki inanata, vumbi linaipenda kuliko hata oili. Inayofaa ni mishumaa ya kawaida myeupe. Osha cheni kwa petroli mbali na moto mpaka ing'ae, iache ikauke kabisa, hii usiiruke. Yeyusha mishumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiliweke kopo juu ya moto moja kwa moja maana linawaka. Zamisha cheni, utaona vipovu vinatoka, tingisha, subiri viishe, itoe uining'inize. Ikipoa inakuwa ngumu kama fimbo, ikunje kunje kila pini, basi. Mikono safi, vumbi halishiki, na unaendesha kilomita mia mbili hivi kwenye ukavu kabla ya kurudia. Mvua ikiinyeshea urudie mapema.

Haya, gia zenyewe, na hapa nitapita haraka kwasababu hesabu yake ni rahisi. Hesabu meno ya mbele ugawe kwa ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu, unapata unaenda mita ngapi kila pedeli ikizunguka mara moja. Phoenix yenye 44 mbele na 18 nyuma inakupa kama mita 5.4, ukizungusha mara 80 kwa dakika unaenda kama kilomita 26 kwa saa. Ya mbio yenye 50 mbele na 11 nyuma inatoa mita 9.7, ambayo kwa mizunguko 90 ni kilomita 52 kwa saa. Nani kati yetu anashikilia hiyo peke yake dhidi ya upepo wa mwezi wa nane? Tabora ni tambarare, huhitaji gia ya kupanda mlima Kigali wala ya kushuka. Unahitaji meno ya nyuma yaliyokaribiana, 12 mpaka 25 au 28, ili upepo ukibadilika ubadilishe kidogo bila kuvunja mdundo. Seti ya gia ya Claris ya kampuni ya Shimano, yenye gia 8, inatosha kabisa na cheni yake ni ya bei rahisi, tena inavumilia vumbi.

Kuzifunga: kwenye ule mkono wa nyuma kuna skrubu mbili, H na L. Waya ukiwa umelegea, weka cheni kwenye jino dogo (lile duara dogo kuliko yote nyuma), zungusha H mpaka kigurudumu cha juu kikae chini ya jino hilo sawasawa. Alafu sukuma mkono kwa kidole mpaka jino kubwa, zungusha L ili usiweze kuvuka. Hii L ndo inazuia cheni isiingie kwenye spoku, na ikiingia unapoteza gurudumu na meno ya mdomoni, kwaiyo tafadhali. Mwisho vuta waya ukaze, cheni ikichelewa kupanda jino kubwa fungua kile kinati cha kurekebishia waya robo mzunguko kuukaza, ikichelewa kushuka fanya kinyume. Ukizungusha mpaka umechoka na bado inagongagonga, angalia kwa nyuma kama kile chuma kinachoshika mkono kimepinda, baiskeli za mtumba nyingi zimeangukia upande huo kwenye kontena.

Breki jambo moja tu watu hawalijui: shikio la breki za V (zile za mauntini zenye mikono miwili mirefu) linavuta waya mwingi kuliko shikio la breki za mbio, ukichanganya utapata breki ngumu isiyoshika au laini inayogusa usukani. Na raba zikune kwa msasa, toa vile vichanga vilivyozama maana vinakula ringi.

Pedeli ya kushoto inafungwa kinyume, usiilazimishe, nimeona kranki nyingi zimekufa hivyo. Zipake grisi kwanza.

Siku ya mbio mfukoni weka tyubu moja ya size yako, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana ya alani namba 4 na 5, na pampu ndogo ambayo umeshaijaribu nyumbani kama inashika valvu yako, maana yule dogo wa Ng'ambo pampu yake ilikuwa ya valvu nene.