Kiuno na nyonga vinauma miezi na miezi? Jiandae hivi kabla hujalipia kipimo kingine

Daktari akikuuliza panauma wapi utajibu fasta, kiuno, nyonga, huku kwenye tako. Swali hilo ndo rahisi kuliko yote na mimi limenipotezea miaka mitano. Wewe nenda na jibu la PANAUMA SAA NGAPI, limeandikwa kwenye daftari.

Ya haraka kwanza. Kama unasikia ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, mkojo umegoma au unajitokea wenyewe, miguu inaisha nguvu, acha kusoma nenda emajensi sasa hivi, hiyo mishipa ya fahamu inabanwa na haisubiri kesho. Homa, kukonda bila sababu, damu kwenye mkojo, kansa ya zamani, hizo nazo usizikalie. Beba majibu yote ya nyuma. Andika kila dawa unayomeza, hata za kujinunulia. Mkojo uoteshwe kabisa maabara waone kama kweli kuna bakteria, sio kila kiuno kikiuma unapewa antibayotiki za UTI mara ya saba. Wanaume msijitoe, tezi dume nayo inaumizaga kiuno.

Wanawake, weka alama kwenye kalenda siku za hedhi na siku za maumivu, miezi mitatu hivi. Vikienda pamoja litaje mwenyewe neno endometriosi (nyama kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko), na ukiambiwa altrasaundi iko safi usikubali kesi ifungwe, ugonjwa unaweza kuwepo na picha ikawa safi.

Sasa yangu. MRI ya kiuno (picha ya sumaku ya ndani ya mwili) ilionyesha diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, imetokeza kidogo, basi, mchawi kapatikana. Nikaambiwa nipumzike, nisiiname, nilale kwenye godoro gumu. Nikalala kweli, na kadiri ninavyolala ndo nazidi kukakamaa, saa tisa usiku nimeamka naugulia, wiki hii tako la kulia wiki ijayo la kushoto, asubuhi soksi navaa nimelala chali mguu nimeuegemeza ukutani maana kuinama siwezi, alafu nikishatembeatembea kama saa moja hivi inaachia, mchana nabeba ndoo watu wananiona mzushi. Katikati hapo jicho likawa jekundu, mwanga unalichoma, nikaenda kwa daktari wa macho akanipa matone likapona. Wa macho hakuuliza mgongo, wa mgongo hakuuliza jicho, na mimi nilikaa kimya kote kote.

Aliyekuja kuunganisha ni daktari kijana tu wa zamu. Ilianza una miaka mingapi? Ukipumzika inapungua au inazidi? Jicho limewahi kuvimba? Nikacheka, nikajua ananitania. Akaandika MRI nyingine, ya vile viungio vinavyoshika uti wa mgongo na mifupa ya nyonga, ambavyo ile ya kwanza haikuvilenga, pamoja na damu ya HLA-B27 (alama ya kurithi inayopimwa kwenye damu, hiyo peke yake haitoshi, wengi wanayo na ni wazima). Ikawa spondilaitisi, kinga ya mwili inashambulia viungio vyako mwenyewe, na jicho nalo linaweza kuguswa, na matibabu yake ni dawa za kutuliza uvimbe na MAZOEZI, kitu kilekile nilichokatazwa.

Diski yangu ipo mpaka leo. Watu wa miaka 20 wasioumwa popote ukiwapiga MRI, karibu 30 katika kila 100 wana diski iliyotokeza, kwa hiyo kitu kuonekana kwenye picha sio ushahidi kwamba ndo kinachouma.

Mengine: usimpe mgongo mtu wa kukunyoosha kwa nguvu kabla hujajua una nini. Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni, tumbo na figo vitakudai. Kama unaumia wakati wa tendo, sema, aibu weka pembeni. Ngozi kutoka magamba, kuharisha damu, sema hata kama umeenda kwa ajili ya kiuno, maana vinaweza kuwa na uhusiano kama lile jicho langu. Na sababu zinaweza kuwa mbili kwa mpigo, ikipatikana moja na bado unaumwa rudi, na hilo daftari la saa na tarehe usilisahau nyumbani kama mimi siku ya kwanza.