SOMO: Mpango mkakati wa muungano wa watafiti wa afya (vituo vingi, nchi zaidi ya moja). Soma yote kabla hujaja PM

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa sababu wiki hii peke yake nimeombwa mara nne "nitumie templeti ya mpango mkakati wenu" na nimechoka. Templeti situmi. Nimekaa sekretarieti ya miungano miwili, wa kwanza ulitufia mikononi, wa pili unatembea mpaka leo, na yote miwili ilikuwa na dira na dhima na chati za rangi rangi. Tofauti ni kwamba mara ya pili tuligombana mapema, kabla hela haijaingia, tukaandika tulichokubaliana. Mpango mkakati kwangu mimi ndo huo, ugomvi uliomalizwa kwa maandishi.

Mifano ninayotoa ni ya homa za watoto, vituo vya Tanzania bara, Zanzibar, Kenya na Uganda, na maabara mshirika moja Ulaya.

HATUA YA 1. Swali moja la utafiti. Mkiwa nayo saba bado mko kwenye maongezi, rudini mkaongee.

HATUA YA 2. Nani ana nini. Msiamini fomu, nendeni mkaone kwa macho. Kuna kituo kilijaza kina friza mbili za nyuzi hasi 80, tulipofika moja inafanya kazi na nyingine wameifanya kabati la mafaili.

HATUA YA 3. Uongozi. Kamati ya uendeshaji mjumbe mmoja kila kituo, kura moja kila kituo, hata yule anayeleta hela kura yake ni moja. Sekretarieti ndogo, watu watatu wanatosha. Andikeni kabisa kipi kinapigiwa kura na kipi sekretarieti inaamua yenyewe, la sivyo mtapigia kura mpaka ununuzi wa glovu. Mkitaka mfano mkubwa angalieni jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009: vituo 11, nchi 7, watoto 15,459, na kwetu huku walikuwemo Bagamoyo na Korogwe, Kenya wakawa na Kilifi, Kombewa na Siaya. Itifaki (utaratibu wa utafiti ulioandikwa) moja wote, na kamati moja inayokutanisha vituo vyote na wadhamini. Kwa ukubwa ule kila kituo kingeamua lake hata takwimu zisingejumlishika.

HATUA YA 4. Sampuli na data zitaishia wapi. Hapa msome taratibu maana hapa ndo mimi niliharibu.

Kwenye ule muungano wa kwanza mpango wetu ulikuwa wa miaka mitano na lengo la pili lilikuwa kuchunguza vinasaba vya vimelea kwenye sampuli za damu kavu tulizokusanya, kazi ya mwaka wa tatu, maabara ya nje. Sasa mwaka wa kwanza kila kituo kikaandika fomu yake ya ridhaa, mimi nikiwa mratibu nikasema haina shida ilimradi maudhui yanafanana, na kwenye mkataba wa ushirikiano kifungu cha sampuli nikaandika kwa mkono wangu "pande zote zitakubaliana baadaye". Baadaye ikafika. Fomu za vituo viwili zilisema sampuli zitatunzwa na zinaweza kwenda nje, ya kituo cha tatu, kile chenye watoto wengi kuliko wote, ilisema damu inapimwa malaria basi. Tukaomba kamati ya maadili ituruhusu tuendelee bila kurudi kwa wazazi, wakakataa, na walikuwa sahihi, mzazi alikubali kitu kimoja sisi tunataka kufanya kingine. Tukaanza kuwatafuta wazazi kijiji kwa kijiji, wengi wameshahama, namba za simu hazipatikani. Huku maabara ya nje nafasi waliyotutengea imepita, hela ya mwaka huo imeisha muda wake imerudi kwa mfadhili, na vile vituo viwili vinatulaumu kwamba vimecheleweshwa na mwenzao. Lengo la pili likafa hivyo hivyo, na muungano haukupona.

Kwa hiyo:
- Anzeni na uchunguzi wa mwisho kabisa mnaoutamani, mrudi nyuma mpaka kwenye fomu ya ridhaa. Fomu iwe MOJA kwa vituo vyote, kinachobadilika ni jina la kituo na lugha.
- Mkataba wa kuhamisha sampuli na ule wa kuhamisha data viandikwe rasimu mwaka wa kwanza. Kwa Tanzania bara vinapita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), msifikirie mtabeba kibaridi mpande ndege.
- Sheria za taarifa binafsi ni za kweli jamani. Kenya na Uganda wana zao za 2019, sisi yetu ni ya 2022, na zote zinagusa data kupelekwa nje ya nchi.
- Andikeni nani anaruhusiwa kuchambua data, kwa miezi mingapi kituo kilichokusanya kina haki ya kwanza, na muungano ukivunjika data inabaki wapi.
- Neno "baadaye" lifutwe kwenye mkataba. Simaanishi utani, tafuta hilo neno kwenye faili lote ulifute.

HATUA YA 5. Vibali. Tanzania bara ni NIMR, mkiwa na watafiti wa kigeni mnaenda na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), ikiwa ni jaribio la dawa au chanjo TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) nao. Zanzibar ina kamati yake ya maadili kwa sababu afya siyo jambo la muungano (muungano wa nchi sasa, siyo wenu). Kenya kamati ya maadili kwanza kisha leseni ya NACOSTI (tume yao ya sayansi na teknolojia). Uganda kamati ya maadili ya taasisi halafu UNCST (baraza lao la sayansi na teknolojia). Ombeni sambamba pale inapowezekana na kwenye ratiba msiandike ukusanyaji unaanza mwezi wa pili, mtajidanganya.

HATUA YA 6. Bajeti: wekeni umeme wa friza, mafuta ya jenereta na mshahara wa mtunza data mpaka siku ya mwisho.

HATUA YA 7. Mapitio kila mwaka, kurasa mbili, nini kimekwama na nani anakikwamua.

MASWALI

Mdau_Moro: Mkuu somo zuri sana, naomba basi templeti hata ya PDF.

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Nesi_Kgm: Asante mkuu. Mimi ni nesi, ndo huwa nachukua ridhaa. Nina wasiwasi kwamba mkiandika "sampuli itatumika kwa tafiti za baadaye" mama anasaini asichokijua. Mnaandikaje ili isiwe mtego?

Jibu: Swali bora kabisa dada yangu, na wewe unayekaa na mama ana kwa ana ulitakiwa uwepo siku fomu inaandikwa. Sisi sasa hivi tunatenganisha. Ridhaa ya kushiriki peke yake, halafu chini maswali matatu ya ndiyo au hapana: damu itunzwe baada ya mradi? iende nje ya nchi? ichunguzwe vinasaba? Mama anaweza kukataa yote matatu na mtoto akabaki kwenye utafiti na matibabu yake hayaguswi, hilo mwambie kwa mdomo wala usitegemee karatasi. Majibu hayo matatu yaingizwe kwenye mfumo wa data siku hiyo hiyo na yafungwe na namba ya sampuli, maana fomu ikibaki kabatini baada ya miaka miwili hamna atakayejua kipi ni cha nani. Na fanyeni jaribio na kina mama kama kumi kabla, waambie wakueleze wao walichoelewa. Kwetu "vinasaba" wengi walidhani tunapima baba wa mtoto ni nani! Tukabadilisha maelezo yote.

Nesi_Kgm: Hahaha hiyo ya baba wa mtoto hata huku ipo. Asante sana.

Kamanda255: kwa hiyo NIMR wakipitisha na Zanzibar tunaingia moja kwa moja si ndio

Jibu: Hapana. Hatua ya 5.

Kamanda255: sasa ukali wa nini mkuu tunaulizia tu

Jibu: Sijakuwa mkali, nimeandika sentensi nzima kuhusu Zanzibar na umeipita.

Mwanazuoni: Mbona hujasema wazi kwamba hawa washirika wa nje ndo wanaua miungano? Wanachukua sampuli wanachapisha wenyewe.

Jibu: Yapo hayo na nimeyaona. Ila kwenye yangu kosa lilikuwa la kwangu, kifungu nilikiandika mimi na wao wakasaini walichopewa. Dawa ni ile ile hatua ya 4, haki ya kwanza ya kuchambua na majina ya waandishi yaandikwe kabla.

Data_Klaki: Hapo kwenye majina. Mimi nimeingiza data miaka miwili, nastahili kuwa mwandishi?

Jibu: Kwa vigezo vya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) vinahitajika vyote vinne: mchango wa maana kwenye wazo, ukusanyaji au uchambuzi, kushiriki kuandika au kuhakiki andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika nalo. Kuingiza data peke yake unapata shukrani. Lakini sikia, vigezo vinasema pia uliyefikia cha kwanza upewe nafasi ya vilivyobaki, kwa hiyo usisubiri, omba rasimu uisome, wewe ndo unajua kwa nini mwezi fulani kuna mapengo kwenye data. Sisi tumeweka kwenye mpango kila chapisho liwe na angalau kijana mmoja wa kituo anayefundishwa kuandika.

Bukavu_Kwetu: Ndugu, ongeza ya lugha. Fomu ya Kiswahili ya Dar tulisomea watu huku Bukavu, maneno mengi hawakusikia. Ilibidi kuandika upya.

Jibu: Kweli kabisa kaka, nilisahau. Tafsiri ifanyike kila eneo, halafu mtu mwingine aliyekuwa hajaona ya asili airudishe kwenye lugha ya mwanzo, mlinganishe.

Mama_Maabara: Zile sampuli za kituo cha tatu ziko wapi?

Jibu: Ziliteketezwa kwa utaratibu, fomu nilisaini mimi.

Kamanda255: haya nimesoma yote sasa. Vikao vya nchi nne mnapangaje muda?

Jibu: Karibu tena. Andika 15:00 saa za Afrika Mashariki, usiandike saa tisa. Tuna profesa Ulaya kajifunza Kiswahili kwa bidii, tukamwandikia kikao saa tatu asubuhi, akaona "tatu" akaingia Zoom alasiri tumeshamaliza siku nyingi.