Somo: Namna ya kuujua mwongo wa filamu ya kijasusi kwa kutazama koti tu

Habari za leo wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Kibandani kwangu kuna runinga ndogo, na jirani mwenye kibanda umiza huniazima filamu. Cherehani ikishaanza kunguruma sauti haisikiki, kwa hiyo nimezoea kutazama picha bubu. Ndivyo nilivyogundua kwamba jasusi atabadili jina, pasipoti na lugha, lakini koti litamchongea. Yeye ni mwongo kwa kazi. Koti lake litakutajia mwongo lilimoshonwa, yaani miaka kumi gani: ya sitini, ya sabini au ya themanini.

Hatua ya 1: Zima sauti. Muziki utakupa jibu kabla ya macho. Subiri jamaa asimame wima, aonekane kuanzia mabega mpaka viatu, kisha simamisha picha.

Hatua ya 2: Linganisha kola na tai. Nazungumzia kola ya koti, ile inayokunjukia kifuani. Hapa usiharakishe.

Anza na Dr. No ya 1962, filamu ya jasusi James Bond. Mwongozaji Terence Young alimpeleka Sean Connery kwa fundi wake mwenyewe, Anthony Sinclair wa mtaa wa Conduit, London. Inasimuliwa kwamba alimwambia hata alale na suti, mwili uizoee. Tazama matokeo: kola nyembamba, tai nyembamba ya rangi moja, vifungo viwili, hakuna pambo. Suruali haina mkanda, imebanwa na vibana vya pembeni. Ni mtu anayetaka apite ukumbini asikumbukwe, ila kila mtu anamkumbuka.

Halafu weka The Ipcress File ya 1965. Mtayarishaji mmojawapo wa Bond, Harry Saltzman, ndiye aliyeitoa. Lakini Michael Caine humo amevaa miwani mizito na koti la mvua, na anapika mwenyewe. Mwongo uleule, mfuko tofauti. Kwa hiyo usiseme "miaka ya sitini walivaa hivi" kabla hujauliza nani alikuwa analipa.

Ukifika 1977, The Spy Who Loved Me, kola ya Roger Moore, Bond wa wakati huo, imetanuka inakaribia bega, tai nayo imenenepa. Hizo mbili hutembea pamoja kama ng'ombe wa jembe: kola ikitanuka, tai inafuata. Ukiona kola pana na tai kama uzi, aliyemvisha alikosea, au filamu inachekesha.

Hatua ya 3: Shuka kwenye suruali, panda mabegani. Suruali inayofunguka chini, wazee wetu waliiita bugaluu, ni sabini bila ubishi. Na Moore huyohuyo, ndani ya The Man with the Golden Gun (1974), amevaa koti la safari lenye mifuko ya nje. Mteja wangu mmoja alipoliona alicheka: "Kumbe naye alikuwa na suti ya Kaunda!" Ni ndugu kabisa. Tofauti ni kwamba kwetu ilikuwa vazi la mkutano na ofisi, kwake ni vazi la mtalii.

Mabega ndiyo saini ya themanini. Licence to Kill ya 1989 inamwonyesha Timothy Dalton ndani ya suti pwaya, unafikiri ameazima ya kaka yake. Miaka ya tisini bado kuna nafasi, ila kitambaa kimekuwa cha kitajiri: GoldenEye ya 1995, Pierce Brosnan ndani ya Brioni ya Italia, vifungo vitatu, marinda mbele ya suruali. Kisha 2002 anakuja Jason Bourne, jasusi wa The Bourne Identity, hana hata tai. Nguo nyeusi za kawaida, za mtu anayepanda basi.

Ya 2012, Skyfall, mnaijua. Daniel Craig, suti ya Tom Ford, koti fupi, kila kitu kimebana. Mwaka uliofuata kijana aliniletea picha yake akitaka hivyohivyo kwa harusi. Nilimwonya, akakataa. Alipoinama kumsalimu bibi yake, mshono wa nyuma ukaachia. Lawama zikaja kwangu.

Hatua ya 4: Mkononi. Hii haraka haraka. Live and Let Die (1973) ina saa ya kubonyeza inayowasha tarakimu nyekundu, jambo la ajabu wakati ule. Tomorrow Never Dies (1997) ina simu ya Ericsson inayoendesha gari. Kifaa kilichokuwa cha kutisha kikikuchekesha, umeshaujua mwongo.

Hatua ya 5: Mtego. Filamu zinazosimulia zamani. The Man from U.N.C.L.E. imetolewa 2015, hadithi ni ya 1963. Vitambaa sawa, tai sawa, ila tazama kifua cha Henry Cavill: hicho ni kifua cha jimu. Connery naye alikuwa mnyanyua vyuma, lakini Sinclair alimwachia kitambaa kipumue. Nguo za zamani zinaigwa. Namna zinavyobana ni ya mwaka kamera ilipowashwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachuo wa UDOM: Fundi, mbona hapa kwetu picha za wazee za 1980 zinaonekana kama filamu za 1970?

Jibu: Mdogo wangu, mitindo ilichelewa njiani. Televisheni Bara ilianza 1994, na mitumba huja baada ya mwenyewe kuichoka. Tena kulikuwa na breki: Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza Dar es Salaam kupiga vita vimini na suruali za kubana, wakati London ndiyo kwanza zimekolea.

Dada wa Area C: Umesema wanaume tu. Sisi je?

Jibu: Kosa langu, dada. Kwa wanawake anza na A View to a Kill ya 1985. Grace Jones alivishwa na Azzedine Alaïa: mabega, kofia iliyoshonewa kwenye nguo, kiuno kimekazwa. Huhitaji koti la mwanaume yeyote kuujua mwongo huo.

Mzee wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma: Sisi tulikuwa watu wa picha za Kihindi. Hizo huzijui?

Jibu: Shikamoo mzee. Tafuta Farz ya 1967. Jeetendra ni jasusi, ila amevaa viatu vyeupe na anacheza dansi. Hajifichi hata kidogo.

Mdau wa Nkuhungu: Nimepata koti la vifungo vitatu pale soko la Sabasaba, safi ila pana. Linaweza kupunguzwa liwe kama la Skyfall?

Jibu: Kiuno napunguza, mikono nafupisha. Bega sikugusii; ukilivunja bega, koti zima linapinda. Vaa mwenyewe kwanza, bega likizidi lako kwa vidole viwili, rudisha. Likikaa vizuri, liache lilivyo, na suruali iwe na marinda.

Mdau wa Nkuhungu: Limezidi vidole vitatu.

Jibu: Rudisha, mkuu. Au mtafute kaka yako.